Uzi: Chakula, bakteria wa tumboni na afya ya ubongo baada ya upasuaji wa kupunguza uzito

Mkunde Pori (mleta uzi):

Habari zenu wanajukwaa. Jambo hili nimekaa nalo karibu miaka minne kabla ya kuliandika, kwa sababu mhusika ni mdogo wangu wa tumbo moja na sikutaka kumzungumzia bila ruhusa yake. Sasa ameniruhusu, kwa sharti kwamba nisitaje hospitali wala nchi alikofanyiwa upasuaji, na sharti hilo nitalitii.

Alikuwa na kilo 128, ana kisukari cha aina ya pili, na magoti yalikwisha kumkatalia kupanda ngazi. Alifanyiwa ule upasuaji unaoitwa baipasi. Katika upasuaji huo mfuko wa chakula hukatwa juu, kikabaki kijifuko kinachobeba mililita 30 hivi, kisha kijifuko hicho kikaunganishwa na utumbo mwembamba mahali pa chini zaidi, ili chakula kiruke sehemu kubwa ya mfuko pamoja na mwanzo wa utumbo. Wapo wanaofanyiwa upasuaji wa aina nyingine, ambapo robo tatu au zaidi ya mfuko wa chakula hukatwa kwa urefu na kutolewa kabisa, kinachobaki kikawa chembamba kama mrija. Mengi nitakayoandika yanawahusu wote, ingawa baipasi ina hatari zaidi upande wa vitamini.

Wiki ya tatu alianza kutapika. Nyumbani hatukushtuka, kwa kuwa tulikuwa tumeambiwa kwamba mtu aliyefanyiwa upasuaji huu hutapika akila haraka au akila kingi. Tena alikuwa anapungua, na kila aliyekuja kumjulia hali alimsifu. Wiki ya saba alianza kuona vitu viwiliviwili. Akawa anatembea kwa kushika ukuta kama mtu aliyeteremka sasa hivi kutoka kwenye jahazi, na siku moja alimuuliza mama mara tatu ndani ya saa moja kama baba amesharudi kazini, ilhali baba yetu alikwisha kufariki miaka sita kabla. Shangazi alisema ni mawazo. Jirani akashauri maombi, na mimi niliyesoma kidogo nikasema ni udhaifu wa kutokula. Tulimpeleka zahanati ya karibu, akatundikiwa dripu ya glukosi, na usiku uleule akazidi kuchanganyikiwa mpaka akawa hamtambui mtoto wake.

Aliyemwokoa ni daktari kijana wa zamu katika hospitali ya pili, ambaye aliuliza swali lisiloulizwa na yeyote kati yetu: ametapika kwa muda gani, na vile vidonge vya vitamini vinakaa tumboni au vinarudi? Tulipojibu, hakusubiri majibu ya maabara. Aliagiza thiamini kwa sindano ya mshipa saa ileile. Macho yalianza kutulia siku ya pili. Mwendo ulichukua miezi minane kurudi, na kumbukumbu ya majina ya watu mpaka leo haijarudi yote.

Thiamini, yaani vitamini B1, haina ghala kubwa mwilini. Akiba yote ya mtu mzima ni miligramu 30 hivi, na kwa mtu asiyekula au anayetapika mfululizo akiba hiyo huisha katika wiki mbili hadi tatu. Ubongo unaihitaji ili uweze kuchoma sukari na kupata nguvu. Ukimwekea mtu glukosi mshipani wakati thiamini imekwisha, ni kama kuongeza mkaa kwenye jiko lililozibwa hewa. Ugonjwa huo una jina la Carl Wernicke, daktari wa Ujerumani aliyeueleza mwaka 1881 kwa kutumia wagonjwa watatu. Watu wengi hudhani ni ugonjwa wa walevi tu, na ni kweli kwamba wawili kati ya wale watatu walikuwa wanywaji wa pombe. Wa tatu alikuwa mwanamke kijana, fundi wa kushona, aliyekunywa asidi ya salfa, mfuko wake wa chakula ukaharibika njia ya kutokea, na akawa anatapika bila kukoma. Niliposoma habari za fundi huyo nililia, kwa sababu ni habari za mdogo wangu: tumbo lililofungwa njia, kutapika, macho kuyumba, akili kupotea.

Nimeanza na tukio hili makusudi. Uzi unahusu bakteria, na bakteria siku hizi wanatajwa kila mahali kana kwamba ndio ufunguo wa kila kitu, lakini sitaki mtu asome habari za mtindi na maharage halafu asahau kwamba ubongo wa mtu aliyefanyiwa upasuaji huu unaweza kuharibika ndani ya wiki chache kwa kukosa vitamini moja ya bei ndogo. Vitamini ni za kwanza. Bakteria ni kazi ya miaka inayofuata.

Sasa niwageukie hao bakteria. Hesabu iliyofanywa na watafiti wa Israeli mwaka 2016 inakadiria kuwa mtu mzima ana bakteria wapatao trilioni 38, karibu sawa na idadi ya seli zake mwenyewe, na wengi mno wanaishi katika utumbo mpana. Upasuaji unapobadilisha mabomba, unabadilisha pia mazingira yao. Asidi inayokutana na chakula hupungua, kwa hiyo wadudu wengi wa kinywani hupita wakiwa hai. Nyongo nayo hukutana na chakula mbali zaidi kuliko zamani. Ndiyo maana baada ya baipasi watafiti wa nchi mbalimbali wameona jambo lilelile: jamii ya Escherichia na ndugu zake huongezeka, na yule anayeitwa Akkermansia, anayeishi kwenye ute wa utumbo, huongezeka pia. Mabadiliko hayo si ya msimu mmoja. Watafiti wa Gothenburg, Uswidi, walichunguza mwaka 2015 wanawake waliokuwa wamefanyiwa upasuaji miaka tisa hivi kabla, wakakuta bakteria wao bado ni tofauti. Walipowahamishia panya wasio na bakteria wowote, panya hao walijaza mafuta kidogo kuliko wenzao waliopewa bakteria wa wanawake wanene ambao hawakufanyiwa upasuaji. Kwa hiyo sehemu ya faida ya upasuaji inabebwa na viumbe hawa, si na kisu peke yake.

Vipi mdudu wa utumbo mpana afikishe habari kichwani? Njia iliyo wazi zaidi ni neva ya vagasi, mshipa mrefu wa fahamu unaotoka kwenye shina la ubongo, kupitia shingoni, hadi tumboni, ambao nyuzi zake nyingi, kama 80 kwa kila 100, zinapeleka habari juu kuliko kuzileta chini. Njia nyingine ni kemikali. Bakteria wanapochachusha makapimlo, yaani zile nyuzinyuzi za mimea ambazo sisi hatuwezi kumeng'enya, hutoa asidi fupi za mafuta, na mashuhuri kati yake ni butireti. Butireti ni chakula cha seli za ukuta wa utumbo mpana. Ukuta ukishiba hauvuji, na ukuta usiovuja hauruhusu mabaki ya bakteria kuingia kwenye damu na kuamsha uvimbe wa ndani, yaani kinga ya mwili kuwaka, unaofika hadi ubongoni. Mwaka 2014 watafiti wa taasisi ya Karolinska, Stockholm, walionyesha kwamba panya waliolelewa bila bakteria wana kizuizi dhaifu kati ya damu na ubongo, na kwamba walipopewa bakteria wanaotengeneza butireti, au butireti yenyewe, kizuizi hicho kilikaza. Ni panya, si mdogo wangu, na tofauti hiyo naiweka wazi. Lakini inaeleza kwa nini chakula cha bakteria kisichukuliwe kuwa pambo la sahani.

Naomba pia turekebishe neno moja linalosambaa sana. Utasikia kwamba asilimia 90 ya serotonini, kemikali inayohusishwa na furaha, hutengenezwa tumboni, kwa hiyo ukila vizuri utakuwa na furaha. Nusu ya kwanza ni kweli. Lakini serotonini ya tumboni haivuki kwenda ubongoni. Ubongo hutengeneza yake kutokana na triptofani inayotoka kwenye protini tunayokula, na bakteria huingilia kati kwa kuamua kiasi gani cha triptofani hiyo kinakwenda njia ipi. Uhusiano upo, ila ni wa kuzunguka.

Nitasimama hapa kidogo nipumzike, kisha nitarudi na sehemu ya chakula.

Muuguzi wa Zamu:

Dada Mkunde, pole sana kwa yaliyowapata, na ahsante kwa kuanza na thiamini. Nimefanya kazi wodini miaka kumi na saba, na naomba niongeze mambo mawili kwa faida ya wasomaji.

La kwanza, mtu anayetapika baada ya upasuaji huu asitegemee vidonge. Kidonge kinachorudi na matapishi hakijafanya kazi, na hata kikibaki, utumbo hunyonya thiamini kidogo tu kwa wakati mmoja. Dalili za macho, mwendo au akili zikijitokeza, dawa ni ya mshipa na kwa dozi kubwa. Uingereza wamezoea kutoa miligramu 500 mara tatu kwa siku. Thiamini itangulie glukosi, au angalau ziende pamoja. Familia ikiona mgonjwa wao ametundikiwa glukosi peke yake, iseme kwa heshima lakini iseme.

La pili ni vitamini B12, ambayo ndiyo inayodanganya watu, kwa sababu ini huhifadhi akiba ya miaka. Mgonjwa wa baipasi anaweza kukaa miaka miwili au mitatu akiwa mzima, ameacha sindano na vidonge kwa kuwa haoni tofauti, halafu ganzi ya nyayo ikaanza, kumbukumbu ikapungua, hasira zikaja. Hapo kila mtu anasema ni umri au ni msongo wa maisha. B12 inahitaji asidi na protini maalumu inayotoka kwenye mfuko wa chakula ili inyonywe, na mfuko ndio uliokatwa. Anayetumia metformini kwa ajili ya kisukari, au omeprazo ya kupunguza asidi kwa muda mrefu, yuko hatarini zaidi. Bakteria nao wanaingia hapa: wakizaliana kupita kiasi ndani ya utumbo mwembamba, mahali ambapo kwa kawaida ni wachache, wanaila B12 na thiamini kabla ya mwenye mwili kuipata, huku baadhi yao wakitengeneza foleti, yaani vitamini B9 inayosaidia damu. Nimeona majibu ya maabara yenye foleti ya juu na B12 ya chini, na damu inayoonekana nzuri machoni, wakati mishipa ya fahamu inaendelea kuumia.

Mkunde Pori:

Muuguzi, ahsante sana. Hilo la foleti sikulijua vizuri mpaka mwaka wa pili wa kumhudumia mdogo wangu.

Niendelee na chakula. Mtu akitoka hospitali huambiwa protini kwanza, gramu 60 hadi 80 kwa siku, na ushauri huo ni sahihi, kwa sababu bila protini misuli huyeyuka pamoja na mafuta. Tatizo ni kwamba kijifuko hakina nafasi. Akishakula yai na kipande cha samaki ameshiba, mboga inabaki, maharage yanabaki, na siku inaisha makapimlo hayajafika hata gramu 10. Bakteria wanaokula nyuzinyuzi hufa njaa, na waliobaki hugeukia protini na ute wa utumbo wenyewe. Karatasi ya lishe aliyopewa mdogo wangu ilikuwa na kurasa nne za protini na mstari mmoja tu kuhusu mboga. Nilipoielewa sayansi hii niliona kosa lilikuwa wapi, na sioni sababu ya kulinyamazia.

Kilichofanya kazi kwetu, kwa usimamizi wa mtaalamu wa lishe tuliyempata baadaye, kilikwenda polepole sana. Wiki mbili za kwanza ni vya majimaji tu, na makapimlo hayana nafasi hapo. Kuanzia vyakula vilivyopondwa, tulianza na choroko zilizokobolewa na kuchujwa, halafu maharage yaliyoiva mpaka yakalegea, vijiko viwili vya chai kwa mlo. Kunde na dengu zilimfaa kuliko maharage mekundu. Bamia na mlenda vilimsaidia sana, kwa sababu nyuzinyuzi zake ni laini na zinateleza. Parachichi, papai na viazi vitamu vilifuata. Uzuri wa jamii ya kunde ni kwamba kijiko kimoja kinabeba protini na makapimlo kwa pamoja, na kwa mtu mwenye nafasi ya mililita 30 hilo si jambo dogo. Mchicha na matembele tuliyakatakata na kuyapika mpaka yakalainika. Ugali na chapati vilikataa kwa zaidi ya miezi sita, na hatukulazimisha.

Tahadhari moja: nyuzinyuzi ndefu na ngumu zinaweza kujikusanya na kufanya donge linaloziba njia. Embe zenye nyuzi nyingi, machungwa yanayoliwa pamoja na ngozi zake za ndani, na kutafuna muwa na kumeza makapi yake, hayo aliyefanyiwa upasuaji huu ayaache. Kutafuna taratibu na kutokunywa maji katikati ya kula ni sehemu ya tiba.

Kuhusu vyakula vilivyochachushwa, jirani yetu Chuo Kikuu cha KCMC cha Moshi, kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Radboud cha Nijmegen, Uholanzi, walichapisha mwaka 2025 utafiti uliofanywa Kilimanjaro kwa wanaume 77 wenye afya njema. Waliokuwa wakila chakula cha asili walihamishiwa chakula cha kisasa cha viwandani kwa wiki mbili, na wale wa mjini wakahamishiwa chakula cha asili chenye mboga, kunde na nafaka zisizokobolewa. Viashiria vya uvimbe katika damu vilipanda kwa wale wa kwanza na kushuka kwa wale wa pili, na baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yanaonekana wiki nne baadaye. Hawakuwa watu waliofanyiwa upasuaji, wala haukupimwa ubongo. Hata hivyo unaonyesha jinsi sahani yetu wenyewe inavyoweza kutuliza mwili kwa siku kumi na nne tu, na ndiyo sababu simshauri mtu anunue unga wa nyuzinyuzi kutoka nje wakati kunde zipo sokoni.

Katika utafiti huo kundi moja lilikunywa mbege, ile pombe ya ndizi na ulezi, kwa wiki moja, na mbege nayo ilituliza uvimbe. Hapa namsihi kila aliyefanyiwa baipasi asikimbilie mbege. Pombe kwa mtu huyu hupita kijifuko bila kusimama, hupanda kwenye damu haraka na juu kuliko kwa mtu mwingine, na hukaa. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2012 uliofuatilia karibu watu 2,000 ulikuta kwamba wenye matatizo ya pombe walikuwa asilimia 7.6 mwaka kabla ya upasuaji na asilimia 9.6 mwaka wa pili baada yake. Pombe pia hunyang'anya thiamini. Atumie mtindi usio na sukari, au uji wa ulezi uliochachushwa usiku mmoja na usiotiwa sukari.

Nafasi ya Afya:

Nimesoma yote. Kwa uzoefu wangu wa kuuza virutubisho, vidonge vya bakteria hai vinatosha kabisa kurekebisha hali hizo, na kuna wateja wangu walioacha sindano za B12 kwa sababu navyo vinapandisha B12. Kwa nini usiwaambie watu njia rahisi?

Mkunde Pori:

Ndugu yangu, nakujibu kwa heshima, lakini naomba uwapigie simu wateja hao leo waende kupima damu.

Najua unakotoa hoja hiyo. Chuo Kikuu cha Stanford kiliwahi kuchapisha mwaka 2009 jaribio la watu 44 waliofanyiwa baipasi, nusu wakipewa Lactobacillus kila siku, na waliopewa walikuwa na B12 ya juu zaidi baada ya miezi mitatu. Jaribio hilo nalithamini. Lakini watu hao walikuwa wakiendelea kutumia vitamini zao, na hakuna aliyeambiwa aache. Watu 44 kwa miezi michache hawawezi kubeba uamuzi wa kuacha dawa inayolinda uti wa mgongo wa mtu maisha yake yote.

Upande wa akili nako tuwe waangalifu. Mwaka 2011 watafiti wa Cork, Ireland, walionyesha kwamba aina moja ya Lactobacillus ilipunguza wasiwasi kwa panya, na kwamba panya waliokatwa neva ya vagasi hawakupata faida hiyo. Lilikuwa jambo la kusisimua kweli. Mwaka 2017 kundi hilohilo lilijaribu bakteria huyo kwa wanaume 29 wenye afya na halikuona tofauti na kidonge kisicho na kitu. Waliyachapisha matokeo hayo bila kuyaficha, na mimi nawaheshimu zaidi kwa sababu hiyo. Wewe pia waeleze wateja wako yote mawili.

Baba wa Watatu:

Mimi nilifanyiwa baipasi mwaka wa tatu huu. Thiamini yangu na B12 viko sawa, nimepima. Lakini asubuhi nikinywa chai ya maziwa yenye sukari na maandazi mawili, baada ya saa mbili hivi mikono inatetemeka, natokwa jasho, na nashindwa kufuata mazungumzo kazini mpaka nikae. Wenzangu wanadhani nimelewa. Je, hii nayo ni bakteria?

Muuguzi wa Zamu:

Kaka, dalili zako zinafanana na sukari kushuka baada ya kula. Wanga laini unafika kwenye utumbo kwa mkupuo, homoni za utumbo zinapanda sana, kongosho linamwaga insulini kuliko inavyohitajika, na saa moja hadi tatu baadaye sukari inaanguka. Ubongo hauna akiba ya sukari, kwa hiyo ndio unaolalamika wa kwanza. Mara nyingi hali hii huanza baada ya mwaka mmoja au zaidi. Pima sukari wakati dalili zipo, andika umekula nini na saa ngapi, mpelekee daktari wako. Usiendeshe gari wala pikipiki ukiwa katika hali hiyo.

Kuna pia hali nyingine adimu ambayo kweli ni ya bakteria. Wanga usiomeng'enywa ukifika kwa bakteria fulani kwa wingi, hutengeneza aina ya asidi ya laktiki ambayo mwili wetu huiondoa polepole, na mtu huongea kama mlevi baada ya kula. Ilionekana zaidi kwa watu waliofanyiwa ule upasuaji wa zamani wa kuruka karibu utumbo mwembamba wote, uliokuwa maarufu miaka ya 1960 na 1970 na baadaye ukaachwa. Kwa baipasi ya leo ni nadra.

Mkunde Pori:

Kaka, ongeza kwa hayo kwamba chakula cha kwanza asubuhi kikiwa kunde au yai pamoja na parachichi badala ya maandazi, sukari haipandi kwa kishindo wala haianguki kwa kishindo. Ni mabadiliko yaleyale yanayowalisha bakteria, na hapa manufaa yake kwa kichwa huonekana siku hiyohiyo.

Binti wa Kisauni:

Salaam kutoka Mombasa. Dada, wewe umesema hatari nyingi. Mama yangu amepangiwa upasuaji mwezi ujao na sasa anataka kughairi kwa sababu nilimsomea uzi huu. Je, ubongo hupata faida yoyote?

Mkunde Pori:

Mdogo wangu, mwambie mama asighairi kwa sababu yangu. Faida zipo na ni kubwa. Uswidi wamewafuatilia watu zaidi ya 4,000 tangu mwaka 1987, nusu wakiwa wamefanyiwa upasuaji na nusu hawakufanyiwa, na mwaka 2007 walitangaza kwamba hatari ya kufa ilikuwa chini kwa asilimia 29 kwa waliofanyiwa. Kuhusu ubongo wenyewe, Uholanzi kuna utafiti unaoitwa BARICO. Matokeo yake ya mwaka 2024 yalihusu watu 133, na miaka miwili baada ya baipasi asilimia 43 kati yao walikuwa wamepanda kwa asilimia 20 au zaidi katika vipimo vya kumbukumbu, umakini na uwezo wa kufikiri. Uvimbe katika damu ulipungua, dawa za shinikizo la damu zilipungua, huzuni ilipungua. Ni vigumu kusema kipande gani cha faida hiyo ni cha bakteria na kipi ni cha uzito, usingizi au sukari iliyotulia, na mimi sitajaribu kukigawa.

Lakini zungumzeni na daktari pia kuhusu hali ya akili na hisia za mama. Huko Ontario, Kanada, waliofuatilia watu 8,815 walikuta kwamba matukio ya kujidhuru yaliongezeka kwa karibu nusu katika miaka mitatu baada ya upasuaji ikilinganishwa na miaka mitatu kabla, na wengi wa waliojidhuru walikuwa na historia ya sonona au maradhi mengine ya akili. Mama akiwa na historia hiyo, aseme kabla ya siku ya upasuaji, na nyinyi mkae naye karibu. Akibadilika baada ya upasuaji, akawa mkimya au msahaulifu, pimeni damu na mzungumze naye. Fanyeni yote mawili kwa pamoja.

Binti wa Kisauni:

Ahsante dada. Tupime nini hasa?

Mkunde Pori:

Kabla ya upasuaji ombeni B12, foleti, madini ya chuma, vitamini D na thiamini ikiwa maabara inaweza. Baadaye vipimo hivyo hurudiwa mara kadhaa katika mwaka wa kwanza, kisha kila mwaka maisha yote, na kwa baipasi iongezwe shaba na zinki. Shaba husahaulika. Mtu akimeza zinki nyingi kwa ajili ya nywele zinazokatika, zinki huzuia shaba kunyonywa, na upungufu wa shaba huharibu uti wa mgongo kwa namna inayofanana kabisa na upungufu wa B12. Chama cha madaktari wa upasuaji huu cha Marekani kinashauri thiamini isiyopungua miligramu 12 kwa siku, na B12 ya mikrogramu 350 hadi 1,000 ya kumeza kila siku, au sindano ya mikrogramu 1,000 kila mwezi. Dozi ya mama aipange daktari wake.

Mdogo wangu amesoma uzi wote jioni hii tukiwa naye jikoni, akipika choroko za nazi. Amesema niandike kwamba ndani ya pochi yake kuna kadi aliyoiandika kwa mkono, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na kwamba mama atengenezewe kama hiyo kabla hajalazwa: «Nimefanyiwa baipasi ya tumbo. Mkinikuta natapika au nimechanganyikiwa, nipeni thiamini ya mshipa kabla ya glukosi.»